Chanjo ndani ya jeli: imefika wapi, na kwa nini dozi ya tatu haisubiri

Wiki mbili zilizopita, katika kipindi chetu cha afya cha asubuhi, tulisoma habari fupi ya watafiti wanaoweka chanjo ndani ya jeli ili sindano moja ifanye kazi ambayo leo inafanywa na sindano mbili au tatu. Tulikuwa na dakika 2 tu kabla ya bei za mazao. Hata wimbo haujaisha, simu ya studio ikapokea ujumbe huu:

“Shikamooni watangazaji. Mtoto wangu ana miezi mitatu, ameshachomwa wiki ya 6 na wiki ya 10. Kutoka huku kwetu hadi zahanati nauli ya bodaboda ni kubwa. Kama hiyo ya jeli ya kuchoma mara moja inakuja, si bora nisubiri nimchome hiyo?”

Kosa lilikuwa letu. Tulisema “inakuja” bila kusema imefika wapi. Mama yule tulimpigia siku ileile tukamwambia asisubiri. Lakini kwa kila msikilizaji mmoja anayetuandikia wapo wengi waliosikia wakanyamaza, na huenda wamo walioamua kama alivyotaka kuamua yeye. Ndiyo maana tumeiandika habari hii kwa kirefu. Hatujaweka picha wala video, ili ifunguke hata kwa bando dogo.

Jibu lenyewe tunalitanguliza: chanjo ya jeli ya sindano moja ipo maabara. Haipo zahanati. Sasa tueleze ni kitu gani, maana ni jambo zuri kulijua hata kama halijafika.

Jeli ni maji yaliyofungwa

Ukipika supu ya makongoro jioni ukaiacha sufuriani, asubuhi unaikuta imeganda, inatikisika. Maji hayajaenda popote. Yamenaswa ndani ya nyuzi ndogo sana zilizotoka kwenye ngozi na mishipa ya makongoro, zikashikana kama wavu. Hiyo ni jeli. Ute wa mlenda na wa bamia ni jamaa wa karibu. Vile vidonge vidogo vinavyovimba na kulainika ndani ya pampasi ya mtoto ikilowa navyo ni jeli: wavu wa nyuzi uliokunywa maji mara nyingi zaidi ya uzito wake.

Wasikilizaji wetu wa Unguja na Pemba wanaolima mwani wako ndani ya biashara hii miaka mingi, pengine bila kuambiwa. Mwani ule unaposafirishwa nje, hukamuliwa dutu ya kugandishia inayotiwa kwenye dawa ya meno na vyakula vya viwandani. Jeli ya chanjo tutakayoizungumzia haitokani na mwani, lakini kanuni ni ileile: nyuzi chache, maji mengi.

Hospitalini jeli za namna hii si ngeni. Mwaka 1961 mkemia Otto Wichterle wa Prague alitengeneza lenzi laini za kuvaa ndani ya jicho kwa jeli inayoshika maji, na mtambo wake wa kwanza aliuunda nyumbani kwa vipande vya mchezo wa watoto wa kuunganisha vyuma na dinamo ya baiskeli. Tunaitaja habari hii kwa sababu moja: jicho ni sehemu yenye kudai haki yake kuliko zote mwilini, na likakubali jeli.

“Yenye akili” maana yake nini

Kwenye habari ile tulisoma “jeli yenye akili”, na msikilizaji mmoja akauliza kama ina kompyuta ndani. Haina. Haina betri, haina waya, haina cha kutuma taarifa popote. Watafiti wanaiita hivyo kwa sababu inabadilika yenyewe inapokutana na jambo fulani: joto, mgandamizo, au ukali wa tindikali.

Dawa ya meno ni mfano wa karibu. Ukiminya, inatoka kama uji. Ukiacha kuminya, inakaa juu ya mswaki bila kumwagika. Jeli nyingi za chanjo zinatengenezwa zifanye hivyohivyo: nesi akisukuma bomba la sindano, jeli inalegea na kupita kwenye sindano nyembamba, ikishafika chini ya ngozi, inashikana tena na kuwa tonge dogo.

Nyingine hutumia joto. Ni majimaji zikiwa baridi, na huganda zikikutana na nyuzi 37 za mwili. Ni kinyume kabisa cha makongoro, ambayo huganda yakipoa. Mojawapo ya malighafi za jeli za aina hiyo hutolewa kwenye maganda ya kamba na kaa.

Kwa nini sindano moja haitoshi leo

Hapa ndipo penye kiini cha habari yote, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chanjo haiuwi ugonjwa. Inafundisha. Tuchukue sungusungu wa kijiji walioitwa kuonyeshwa picha ya mwizi. Picha inapitishwa mbele yao kwa dakika moja, kisha inachukuliwa. Watakaoikumbuka vizuri ni wachache. Ikipitishwa tena baada ya mwezi, na tena baada ya mwezi mwingine, sura ile inawakaa.

Chanjo nyingi za kuchoma ni picha ya kupitishwa. Ndani yake mna kipande cha kirusi au cha bakteria, kisichoweza kuleta ugonjwa, na mara nyingi kichochezi cha kuamsha kinga ya mwili. Vikiwa ndani ya majimaji, sehemu kubwa huondoka pale vilipochomwa ndani ya muda mfupi, kwa baadhi ya chanjo siku chache tu. Ugonjwa wenyewe hauji hivyo. Kirusi halisi huingia kidogo, kikazaana, kikaongezeka siku baada ya siku. Mwili unakiona muda wote huo na unakuwa na nafasi ya kujifunza.

Darasa lenyewe liko kwenye tezi. Ni zile zinazovimba kwapani au kinenani mtu akiwa na kidonda. Wengi wetu tunaita mitoki. Ndani yake kuna seli zinazotengeneza kingamwili, yaani silaha za kukishika kirusi. Seli hizo hujaribu maumbo mbalimbali ya kukishika. Zinazoshika vizuri zinabaki na kuzaana, zinazoshika vibaya zinakufa. Mchujo huo unaendelea maadamu vipande vya kirusi vipo. Vikiisha mapema, darasa linafungwa kabla wanafunzi hawajaiva. Dozi ya pili na ya tatu zinalifungua tena.

Swali la watafiti basi likawa jepesi kulisema: je, ukiliacha darasa wazi kwa muda mrefu tangu dozi ya kwanza?

Mwaka 2016 watafiti wa Massachusetts Institute of Technology huko Marekani walijaribu kwa panya wa maabara. Chanjo waliyoigawa kidogo kidogo kwa wiki 2, kila mara ikiongezeka kama kirusi kinavyoongezeka, ilileta kingamwili zaidi ya mara 10 kuliko kuichoma yote kwa mkupuo. Mwaka 2019 ikaonekana hali ya kuelekeana na hiyo kwa kima waliokuwa wakipewa chanjo ya majaribio ya VVU polepole, kwa pampu ndogo zilizowekwa chini ya ngozi.

Lakini nani atampeleka mtoto kliniki mara saba ndani ya wiki mbili? Na nani atakubali mwanawe awekewe pampu? Jambo lilikuwa limeonekana, njia ya kulitumia ikawa haipo. Jeli ndiyo jaribio la kuipata njia.

Tonge linaloachia polepole

Kundi linalojulikana zaidi katika kazi hii liko Chuo Kikuu cha Stanford, California, chini ya Eric Appel. Jeli yao ina vitu viwili vikuu. Cha kwanza ni nyuzi zinazotokana na selulosi, ile inayojenga miti na pamba. Cha pili ni chembe ndogo mno, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona hata kwa hadubini ya kawaida ya shule. Ukivichanganya pamoja na maji, nyuzi zinazishika chembe, zinaachia, zinashika tena. Ni mkono unaoshikana na mkono bila gundi. Ndiyo maana jeli inaweza kupita kwenye sindano na kujiunga upya upande wa pili.

Kulikuwa na tatizo ambalo wengi hawalifikirii. Kipande cha kirusi ni kikubwa, kichochezi mara nyingi ni kidogo. Ukiviweka kwenye wavu wa kawaida, kidogo kinapenya na kuondoka mapema, kikubwa kinabaki peke yake. Ni sawa na mwalimu kuondoka na kuacha vitabu mezani. Jeli ya Stanford ina matundu madogo kiasi kwamba vyote viwili vinanaswa, na vinatoka pamoja kadiri wavu unavyojifungua na kujifunga.

Matokeo yao ya mwaka 2020, kwa panya, yalionyesha kwamba chanjo ileile ikiwekwa ndani ya jeli kinga inakuwa kubwa zaidi na inadumu zaidi, na kingamwili zinakishika kipande cha chanjo kwa nguvu ya takriban mara 1,000 kuliko zilizotokana na sindano ya majimaji. Hapa tunaomba usome taratibu, maana namba hii ndiyo inayopotoshwa. Haina maana kwamba kinga ni mara 1,000. Haina maana kwamba mtoto atakingwa mara 1,000 zaidi. Inapima jambo moja: uimara wa mshiko wa kila kingamwili. Ni dalili nzuri kwamba darasa lilikaa wazi, basi. Mwaka 2021 kundi hilohilo lilitumia jeli kwa kipande cha kirusi cha Uviko-19, tena kwa panya, na jeli ikaleta kingamwili nyingi kuliko chanjo hiyohiyo ikiwa majimaji.

Panya wa maabara ana uzito wa gramu 20 hadi 30. Mtoto wa wiki 6 ana kilo kadhaa, ana mama, na ana haki ya kutojaribiwa mambo mapema.

Je, jeli inabaki mwilini?

Swali hili limekuja kwa njia nyingi, mengine kwa upole na mengine kwa hasira: “Mnataka kutuwekea plastiki?” Tunalichukulia kwa uzito. Anayeuliza kinachoingia kwenye mwili wa mwanawe anafanya kazi yake ya uzazi.

Viambato vya jeli ya Stanford vilichaguliwa kati ya vitu ambavyo tayari vina jamaa zake kwenye dawa. Selulosi iliyogeuzwa kwa namna ya kukaribiana na hiyo imo kwenye matone ya kulainisha macho na kwenye vidonge vingi unavyomeza. Sehemu ya zile chembe ndogo ni ya ukoo mmoja na nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe, ambazo daktari hakuhitaji umrudie azitoe. Tonge linatarajiwa kulika polepole na kuondoka. Hata hivyo kitu kuwa salama machoni hakimaanishi moja kwa moja kwamba kiko salama chini ya ngozi ya mtoto mchanga kikiwa kimebeba chanjo. Hilo lazima lipimwe lenyewe, na watafiti wanaojiheshimu hawadai vinginevyo.

Kina mama wanaosoma hapa wanajua tayari dawa inayotoka polepole. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 ni hiyo. Kijiti cha mkononi, kinachokaa miaka 3 au zaidi, ni hiyo. Tofauti ni kwamba kijiti kinatoa dawa muda wote ili ifanye kazi muda wote, na ukikitoa kazi imekwisha. Jeli ya chanjo inatarajiwa kutoa somo kwa wiki chache tu, kisha yenyewe iondoke na somo libaki.

Shabu, jeli ya zamani iliyo zahanati leo

Jambo moja lilitushangaza tulipokuwa tukiandaa makala haya. Jeli kwenye chanjo si wazo jipya hata kidogo.

Mwaka 1926 Alexander Glenny, mtafiti wa London, aligundua kwamba chanjo ya dondakoo ikichanganywa na shabu inaamsha kinga vizuri zaidi. Ni shabu hiihii inayotumika kusafisha maji ya kisima na ambayo baadhi ya vinyozi hupaka usoni. Tangu hapo chumvi za aluminiamu zimekuwa kichochezi kinachotumika kuliko vyote, na mara nyingi zinakuwa ndani ya chanjo kama jeli laini, ile weupe wa mawingu unaouona nesi akitikisa kichupa. Chanjo ya pentavalenti, ile ya mapajani wiki ya 6, 10 na 14 inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na bakteria wa Hib, inazo.

Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba shabu inasaidia kwa kushikilia chanjo mahali pamoja na kuiachia polepole. Baadaye watafiti waliondoa sehemu iliyochomwa kwa panya muda mfupi tu baada ya sindano, na kinga ikajengeka vilevile. Kwa hiyo kushikilia si ndiyo siri yake, au si yote. Shabu inaamsha kinga kwa njia nyingine pia. Tunalisema hili kwa sababu linafundisha tahadhari: kitu kinaweza kufanya kazi miaka 80 na maelezo yake yakawa na kasoro.

Jeli hii ya zamani ina adui mmoja ambaye wahudumu wetu wanamfahamu: kuganda kwa barafu. Watu wengi hudhani chanjo kadiri inavyokuwa baridi ndivyo inavyokuwa salama. Sivyo. Chanjo yenye aluminiamu inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ikigandishwa, ile jeli inavunjika kuwa chenga ambazo hazirudi tena kuwa jeli, na nguvu ya chanjo inapotea. Ndiyo sababu mhudumu akiwa na shaka anafanya jaribio la kutikisa: anachukua kichupa anachokishuku, na kingine cha aina hiyohiyo alichokigandisha makusudi, anavitikisa, anaviweka mezani. Kilichoharibika kinatuama haraka, chenga zinaonekana chini. Ukimwona nesi anakodolea macho vichupa viwili huku foleni inasubiri, msimlaumu.

Joto, bodaboda na kisanduku cha barafu

Kuna kundi lingine la jeli ambalo kwa maoni yetu linatuhusu zaidi sisi wa vijijini, ingawa halipigiwi kelele kama lile la sindano moja. Kazi yake si kuachia polepole. Kazi yake ni kuilinda chanjo na joto.

Chanjo inayotoka bohari ya wilaya hadi kitongoji cha mwisho inapita mikono mingi: jokofu la umeme, jokofu la sola, kisanduku chenye vipande vya barafu begani mwa mhudumu juu ya pikipiki. Hapo ndipo mnyororo baridi unapokatika. Vichupa vingi vina alama ya duara yenye mraba ndani, na mraba unazidi kuwa mweusi kadiri joto linavyokula chanjo. Mraba ukifikia weusi wa duara, kichupa kinatupwa. Unaruhusiwa kuomba uonyeshwe.

Ugumu wake ulionekana mashariki mwa Kongo wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020. Chanjo ilikuwepo, lakini ilitakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzi kati ya 60 na 80 chini ya sifuri, katika maeneo yasiyo na umeme wa uhakika. Iliwezekana, kwa mitungi maalumu na kwa gharama kubwa.

Upande wa pili wa historia ni ndui. Chanjo yake ilikaushwa kuwa unga unaostahimili joto la kawaida la nchi zetu kwa wiki kadhaa, na mchanjo mmoja ulitosha kwa walio wengi. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyeupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, aliugua Oktoba 1977. Baada yake ndui haikuonekana tena vijijini popote. Wataalamu wana sababu nyingi za ushindi ule, lakini kustahimili joto imo.

Mwaka 2022 watafiti wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich, Uswisi, wakiongozwa na Mark Tibbitt, walieleza jeli inayozifunga protini moja moja ndani ya wavu wake. Protini huharibika kwa joto kwa sababu hujikunjua na kugandana, kama ute wa yai kwenye kikaango. Zikitenganishwa, haziwezi kugandana. Jeli yao ilizilinda hadi nyuzi 65, zikiwemo kipande cha chanjo ya mafua ya ndege na kirusi kizima cha aina inayotumika kubebea chanjo. Na ukitaka kuzitoa, unatia sukari; mishiko ya wavu inaachia, jeli inarudi kuwa maji.

Mwaka 2024 watafiti wa Glasgow na Manchester, Uingereza, walikuja na njia nyingine isiyohitaji hata sukari. Jeli yao ni ngumu, inalinda protini hadi nyuzi 50, na ukiisukuma kupitia sindano yenye kichujio inavunjika: protini safi inapita, jeli inabaki nyuma ndani ya bomba. Waliituma hata kwa posta ya kawaida ikafika salama. Tulipoisoma habari hiyo tulifikiria furushi la basi la usiku.

Tofautisha basi aina hizi mbili. Moja inaingia mwilini na kukaa. Nyingine ni chombo cha safari, na katika njia ile ya Uingereza haiingii mwilini kabisa. Ya pili huenda ikawa na maswali machache zaidi ya usalama, na hilo ni hisia yetu, si ahadi ya mtu yeyote.

Njia iliyobaki ni ndefu kiasi gani

Tuchukue chanjo ya malaria aina ya RTS,S, ambayo Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania zilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Jaribio kubwa la mwisho kwa watoto lilianza mwaka 2009. Kenya, Ghana na Malawi zilianza kuitoa kwa majaribio ya huduma mwaka 2019. Shirika la Afya Duniani, WHO, likapendekeza itumike kwa upana Oktoba 2021. Hiyo ni miaka 12 kutoka jaribio la mwisho, siyo kutoka panya. Na ni chanjo ya dozi 4, kwa hiyo ndiyo hasa ya aina ambayo mtu angetamani jeli ije kuipunguzia safari.

Maswali yaliyoko mbele ya jeli ni mengi. Je, tonge litaleta uvimbe unaomsumbua mtoto, na ukitokea utatibiwaje, maana kilichochomwa hakivutwi kurudi? Je, kiwanda kitaweza kuitengeneza ikiwa safi kabisa kwa mamilioni ya dozi, na kwa bei ambayo nchi itamudu? Je, nesi ataisukuma bila kuumia kidole kwa watoto 60 asubuhi moja? Na je, chanjo ikitoka polepole mno, mwili hautaizoea na kuipuuza?

Pia si kila chanjo inaihitaji. Chanjo ya surua, matone ya polio na ile ya kifua kikuu ni vimelea hai vilivyodhoofishwa. Vyenyewe huzaana kidogo mwilini, kwa hiyo picha haiondolewi haraka. Surua inarudiwa kwa sababu nyingine: ikichomwa miezi 9, kwa watoto wapatao 15 katika kila 100 haishiki, na dozi ya miezi 18 inawafuata hao.

Wapo washindani waliotangulia kutembea. Nchini Gambia tayari wamejaribiwa watu wazima na watoto kwa kibandiko cha ngozi chenye visindano vidogo vinavyoyeyuka, cha chanjo ya surua na rubela, na matokeo yalitoka mwaka 2024 yakiwa ya kutia moyo. Tukiulizwa kipi kitatangulia kufika kijijini, kibandiko au jeli, tungeweka dau kwenye kibandiko.

Mtoto wa wiki ya 14

Turudi kwa mama wa ujumbe ule, na kwa yeyote mwenye kadi ya kliniki yenye nafasi tupu.

Dozi mbili za pentavalenti si theluthi mbili za kinga unazoweza kuziacha zikasubiri. Darasa limefunguliwa mara mbili na linasubiri kufunguliwa mara ya tatu, na kifaduro hakisubiri. Wanaouawa nacho zaidi ni watoto wachanga. Wiki ya 14 ikifika, mpeleke. Ikiwa imepita kwa sababu ya mvua, nauli, msiba au mavuno, mpeleke vilevile. Mhudumu haanzi upya. Anaendelea pale mlipoishia, mradi zimepita angalau wiki 4 tangu dozi iliyotangulia. Mafua madogo au kikohozi chepesi si sababu ya kumrudisha nyumbani. Kadi ikipotea, nenda hivyohivyo na umweleze nesi tarehe unazozikumbuka; mara nyingi daftari la zahanati linazo.

Kama zahanati ni mbali, uliza kwa mwenyekiti wa kitongoji au mhudumu wa afya ngazi ya jamii siku ya kliniki ya mkoba, ile ambayo nesi anakuja na kisanduku cha barafu hadi kwenu. Siku hizo hubadilika msimu wa mvua, kwa hiyo uliza kabla hujatoka na mtoto mgongoni.